Kupaksiana Chini ya Tarumbeta la Lucien

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimedhulumiwa, na walionidhulumu ni hesabu zangu mwenyewe.

Jana baada ya chakula nilimwekea Odile karatasi mezani. Safu mbili. Kushoto: tukioana. Kulia: tukipaksiana, yaani tukiandikishana ule mkataba wa serikali uitwao PACS, ambao si ndoa wala si uchumba, ni kitu cha katikati kama manyunyu. Nilikaa nayo wiki nzima na penseli. Tukioana, Odile anapoteza sehemu ya pensheni aliyoachiwa na marehemu mumewe, Lucien. Tukipaksiana, hapotezi kitu. Kodi ni ileile. Hesabu safi, haivuji popote.

Sasa mwanamke akiwekewa karatasi kama ile afanye nini? Aisukume pembeni! Atoe chozi kidogo. Aseme, Aimé, pensheni ni nini mbele yako? Nilikuwa nimeshaandaa na sura ya kuyapokea maneno hayo.

Odile aliisoma mpaka chini. Akasema, "Sawa, tupaksiane." Kisha akaniomba nimsogezee viazi.

Viazi!

Nina miaka sabini na tatu. Sijaoa maishani. Nilianza kubeba vigae ngazini nikiwa na miaka kumi na minne, sikupewa na mtu hata msumari, na leo nusu ya mapaa ya mji huu yamepita mikononi mwangu. Kutoka juu huko nimeona harusi nyingi za watu kuliko padri mwenyewe. Na yangu imekuja sasa, inafanyikia kauntani.

Na Lucien anabaki kuwa mume. Yuko kaburini mwaka wa ishirini na mbili huu, na bado ndiye mume. Mimi ni safu ya kulia.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya meya kuuliza habari za sherehe. Kauntani yuko Bi Ghislaine, ambaye baba yake nilimwezekea nyumba. Nikauliza kutakuwa na viti vingapi. Akauliza vya nini. Nikauliza kama meya atavaa ule mshipi wake wa rangi tatu. Akasema meya hahusiki, atatushughulikia yeye, baada ya mtu wa vitambulisho na kabla ya mtu wa mapipa ya taka. Kuna kuulizwa kama tunakubaliana? Hakuna. Pete? Tukipenda, nje. Kubusiana? Hapo alifikiri kidogo. Akasema sheria haikatazi, ila tusiegemee mashine ya fotokopi, itakwama.

Siku iliyobaki wazi ni moja tu, Ijumaa ya tarehe 13. Tuje na vyeti vya kuzaliwa visivyozidi miezi mitatu tangu vitolewe. Nikamwambia mimi nimezaliwa mara moja tu, na si juzi. Akasema wote husema hivyo.

Narudi nyumbani, napita koridoni, nakutana na picha ya harusi ya Odile na Lucien. Kila siku nakutana nayo. Mwaka 1976. Magari kumi na tisa yenye utepe mweupe. Bendi nzima ya wazimamoto, maana Lucien alikuwa mpiga tarumbeta wao. Na mnara wa vimandazi vya krimu: nimehesabu vinavyoonekana, mia moja na arobaini, na bado mpiga picha amekata kilele.

Mimi na mtu wa mapipa ya taka!

Jumatano, 4 Oktoba

Cuenot amenisimamisha sokoni. Huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa kazi. Alipokuja kwangu hakujua kigae kinashikwa upande gani. Leo ana magari matatu yenye jina lake ubavuni, ni mjane mwenye meno yote, na kama hayo hayatoshi ndiye kiongozi wa bendi ya wazimamoto.

Akasema, "Bosi, nasikia unapaksiana!" Kwa sauti ya kuuza samaki. Akasema bendi itakuja bure, na itampigia Odile ule wimbo aliokuwa akiupenda Lucien. Nikamwambia Odile hataki watu: sisi wawili, saini, halafu chakula cha mchana. Akasema bendi italia. Nikasema ilie.

Alhamisi, 5 Oktoba

Sasa niseme habari za tarumbeta.

Liko sebuleni, ukutani, juu ya kiti ninachokalia. Refu, la kuvuta, la shaba. Ni la Lucien. Kila nikisoma gazeti naliona kwa jicho la juu kama mtu anayenisomea begani. Asubuhi nimemwambia Odile, kwa upole kabisa, kwamba labda sasa tungelihamisha. Akauliza liende wapi. Nikasema darini. Akasema, "Aimé, limekuomba chakula?"

Basi nimelitafakari suala kitaalamu. Tarumbeta haliwezi kuondolewa kwa ombi. Linaweza kuondolewa kwa dharura. Dharura ya kweli ni moja tu: maji.

Mchana Odile amekwenda kwaya. Nimetoa ngazi. Nimepima kutoka bomba la moshi, nimetoa unene wa ukuta, nimepiga hesabu ya mwinamo. Kigae cha nane, safu ya kumi na moja. Nimekivuta upana wa kiganja kimoja tu. Mvua inatabiriwa Jumamosi. Itadondokea tarumbeta. Mimi nitapiga kelele, nitaliokoa, nitalipeleka darini likakauke, nitapanda kurekebisha paa kabla supu haijapoa, na Odile atasema, ningekuwa wapi bila wewe? Lucien alijua kupuliza tu. Mimi najua kuziba.

Mpango hauna kasoro. Nimerudisha ngazi na kupangusa viatu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua kubwa. Nzuri sana! Tangu chakula cha mchana nimekaa nikilitazama tarumbeta.

Hakuna tone.

Nikasogeza kiti. Nikainua shingo. Dari kavu kama biskuti. Odile akaja, akanikuta nimelikodolea macho. Halafu akanishika mkono. Akasema amefurahi mno kuona hatimaye nimeanza kumpenda Lucien. Nikasema alikuwa na mapafu mazuri.

Akaenda jikoni kuchemsha soseji. Nikasikia ukelele.

Maji yalikuwa yakimwagika juu ya kabati la vyombo. Na juu ya kabati kulikuwa na faili la bluu. Na ndani ya faili mlikuwa na cheti chake na cheti changu, vyote viwili vibichi kutoka serikalini, vimefika kwa posta asubuhi hiyohiyo. Sasa ni uji. Jina langu limeingia kwenye jina la baba yake.

Miaka hamsini nimewafokea wanafunzi wangu: maji hayatokei pale yalipoingilia! Yanafuata boriti! Nimewapiga kofi la kisogo kwa ajili ya jambo hilohilo. Na boriti ya nyumba hii niliiweka mimi mwenyewe, inainamia jikoni.

Nikakimbilia ngazi. Odile akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema mzee wa miaka sabini na tatu hapandi kwenye vigae vilivyolowa, labda apite juu ya maiti yake. Akasema ameshapiga simu.

Amempigia nani? Cuenot!

Halafu, akikung'uta faili kwenye sinki, akasema jambo lililonikata maini. Akasema labda hii ni ishara. Nafasi nyingine ofisini ni mwakani. Labda tuache tu, tukae hivihivi tulivyo, kwani kuna ubaya gani?

Sikula soseji. Nilikula moja tu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimemwambia Odile ishara hazipo, kuna vigae vibovu tu, na vyeti vitapatikana kabla ya Ijumaa hata kwa kutambaa. Cheti changu nimekipata asubuhi hiihii kwa Ghislaine, kwa kuwa nilizaliwa hapahapa. Cha Odile kiko kijijini kwao. Akasema haya, kama nina nguvu hizo.

Cuenot amekuja na gari namba mbili. Amepanda akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akakaa juu huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Aliposhuka alinitazama mimi kwanza, viatu vyangu pili.

Akamwambia Odile kigae hakikuteleza. Kimevutwa. Labda ni kicheche, wako wengi mwaka huu, wanapenda kuingia darini. Odile akasema maskini. Akaenda kutengeneza kahawa.

Cuenot akaninong'oneza akikunja ngazi: "Bosi, huyu kicheche nimemwona nyayo. Anavaa namba arobaini na tatu."

Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki chochote, kazi ni bure. Bure! Afadhali angenitukana. Anachoomba tu, akasema, ni bendi ije Ijumaa, ipige mbele ya ofisi, kwa heshima. Na ule wimbo. Nikasema ndiyo kwa meno yaliyofungwa. Jambo moja dogo tena, akasema: mpiga tarumbeta wao wa sasa, yule mama wa posta, chombo chake kiko kwa fundi. Wangeazima lile la ukutani.

Odile aliposikia alipiga makofi. Bendi aliyokuwa haitaki! Akasema wazo tamu, kumbe Cuenot ana moyo. Akapanda juu ya kiti changu, akaliangua tarumbeta kwa mikono yake, akampa.

Limetoka! Nilitaka kucheza. Halafu nikatazama ukutani.

Karatasi ya ukutani imepauka kwa moshi na jua, miaka ishirini na miwili. Ila pale lilipokuwa tarumbeta. Pale ni pasafi, peupe, maua yake yote yanang'aa. Sasa kuna tarumbeta jeupe ukutani, na nakula kiapo ni kubwa kuliko la kwanza.

Hesabu ya leo: nilitaka kumtoa Lucien sebuleni. Yuko bado sebuleni. Na amealikwa kwenye paksi yangu.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimeendesha gari mpaka kijijini alikozaliwa Odile. Ofisi yao hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mlango umefungwa. Kikaratasi: karani yuko kwenye mafunzo ya kuhudumia wananchi vizuri zaidi.

Nimerudi. Odile aliona uso wangu, hakuuliza, akanipa jibini la kuyeyuka juu ya viazi na glasi mbili za mvinyo. Nikamuuliza kama Lucien naye alikuwa akipenda hivi. Akasema Lucien alikuwa hali jibini. Habari njema ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimefika kabla karani hajafungua. Nimepata cheti! Nimekisoma garini.

Pembeni mwake imeandikwa: ameolewa na Lucien Jeannerot, mwaka 1976. Kifo chake hakikuandikwa. Ukisoma karatasi ile, Lucien yu hai na anakunywa kahawa mahali fulani. Chini yake pako wazi, na hapo ndipo wataandika jina langu kesho. Nimepima: vidole vinne.

Nilianza kukasirika kwa kuwekwa chini yake. Halafu nikasoma jina la Odile pale juu, na saa aliyozaliwa, asubuhi, siku ya theluji ya Februari, nikafikiri kwamba mimi siku hiyo nilikuwa na miaka mitano, ng'ambo ya kilima, nikirusha matonge ya theluji, na sikuwa najua. Nikakaa garini mpaka kioo kikapata ukungu.

Kesho. Hakuna cha kuharibika tena.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimevaa suti. Odile amevaa gauni la kijani ambalo sijawahi kuliona. Nikamwambia amependeza. Akasema nimefunga tai kama kamba ya ngazi, akanifunga upya.

Kaunta. Mtu wa vitambulisho akaondoka. Ghislaine akasoma makaratasi kwa haraka, kama mtu anayesoma bei. Akazungusha mkataba, akampa Odile kalamu.

Nje bendi ikaanza kujipanga. Odile akainua kalamu. Akasimama hivyo. Akauliza, bila kunitazama:

"Aimé. Kabla sijaandika. Yule kicheche ni nani?"

Ghislaine akaacha kutafuna kalamu yake. Nyuma yangu mtu wa mapipa ya taka akakohoa. Nikatafuta uongo. Najua uongo mwingi, nimefanya biashara na wateja miaka hamsini. Haukuja hata mmoja. Nikasema ni mimi.

Akasema anajua. Tangu Jumamosi. Suruali yangu ilikuwa na kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa mapaani, magotini, na kuvumwani haioti kwenye gazeti. Alichotaka kujua ni kama nitasema. Akauliza kwa nini. Nikasema tarumbeta. Nikasema viazi. Nikasema nilimpa karatasi ya hesabu na hakulia hata kidogo, akachagua pensheni ya Lucien.

Akaweka kalamu chini. Moyo wangu nao ukashuka.

Akasema, "Wewe mzee una kichwa cha kigae." Akasema mwaka ule wa magari kumi na tisa hakuna aliyemuuliza kitu. Baba yake alikubaliana na baba yake Lucien, mama yake akachagua gauni, na bendi ikapiga wimbo ambao yeye hajawahi kuupenda. Lucien alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kujua hata bei ya mkate anaokula. "Wewe ulikaa wiki nzima na penseli usiku na mchana ili mimi nisipoteze kitu. Mtu hajawahi kunihesabia maishani mwangu. Nililia, Aimé. Nililia jikoni, nikirudisha viazi."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimekaa nimelipa jiko mgongo.

Akachukua kalamu, akatia saini. Nami nikatia. Akaongeza kwamba nikikanyaga tena ngazi anavunja mkataba, na kwamba amesikia inatosha barua ya mtu mmoja. Ghislaine akathibitisha kwa furaha: inatosha kabisa, na bahasha anazo. Nikaapa sipandi tena. Tukabusiana. Nikaegemea mashine ya fotokopi. Ikakwama.

Nje wakapiga ule wimbo. Mama wa posta akavuta pumzi, akapuliza tarumbeta la Lucien, lisilopulizwa tangu karne mpya ianze. Likatoa vumbi kwanza. Halafu likatoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Odile akacheka mpaka akanishikilia mabega. Akaninong'oneza sikioni kwamba Lucien naye alikuwa akilipiga hivyohivyo.

Naandika tena ili isipotee. HIVYOHIVYO.

Jumapili, 15 Oktoba

Odile amewaachia bendi tarumbeta moja kwa moja. Limebaki lile jeupe ukutani. Nimeangika juu yake nyundo yangu ya kwanza ya vigae, ya kumbukumbu. Sasa inaonekana kama tarumbeta linalopigilia msumari. Odile amesema iache, inamchekesha akipita na kikapu cha nguo.

Cuenot amemletea mtungi wa jamu ya matunda. Eti mti wake umezaa sana.

Jumatano, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mji mzima uko makaburini na vyungu vya maua. Odile alinunua viwili, nikavibeba.

Kaburi la Lucien limejengewa kwa jiwe la kijivu. Jina lake, na chini yake jina la Odile limeshachongwa tayari, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu wazi. Ndivyo wafanyavyo watu hapa, wachongaji wana bei ya pamoja. Odile alipangusa jiwe, akapanga maua, akakaa kwenye ukingo. Akasema kaburi lina nafasi tatu, moja juu ya nyingine, na ameshaongea na ofisi. Ya tatu ni yangu nikipenda. Hataki nilale peke yangu, mimi mzee wake.

Nilipenga kamasi. Nikamwambia ni vumbi la jiwe.

Sasa niko mezani, nimetulia, na nimechukua penseli.

Nafasi tatu. Lucien yuko chini kabisa. Anayefuata kufa analala juu yake, wa mwisho analala juu ya wote. Odile akitangulia, atalala kifuani pa Lucien milele, na mimi juu yao kama kifuniko cha sufuria. Haikubaliki.

Nikitangulia mimi, niko katikati. Lucien chini, mimi, Odile. Hapiti mtu! Kwa hiyo yanipasa nife kwanza.

Lakini nikifa, paksi imekwisha, Odile yuko huru, na Cuenot analeta mitungi ya jamu. Juzi ameleta wa tatu. Kwa hiyo yanipasa nisife.

Nimepiga hesabu mara tatu. Njia iliyobaki ni moja: slabu nyembamba ya zege, sentimita nane, kati ya Lucien na nafasi ya pili. Hapo atakayetangulia atangulie tu. Lile jiwe la juu nakisia kilo mia nne, lakini kwa nondo mbili na magogo matatu ya duara linasogea kama droo. Kazi ya mchana mmoja, na kesho Alhamisi Odile ana kwaya.

Wala sivunji kiapo. Niliapa kutopanda. Huku ni kushuka.